Ufunguo wa GPG wakataa paswedi kwa laptopu mpya ya ex-UK, nisaidieni jamani

bint_kibokoni – Jumatatu, saa tatu usiku

Assalaam alaykum, na habari za jioni nyote. N'na tatizo limeninyima usingizi tangu Ijumaa, nitaeleza kwa urefu mniwie radhi kwa sababu sijui lipi ni muhimu na lipi si muhimu.

Mimi nafanya kazi na kikundi kidogo hapa Mombasa cha kusaidia watu wenye kesi za mashamba. Kazi yangu ni kukaa na watu, kuandika maelezo yao, kuyapiga chapa na kuyaweka. Watu hunipa majina, namba za vitambulisho, nani alikuja usiku kuwatisha, nani alipewa pesa atie sahihi. Kwa hivo toka mwanzo tulikubaliana kila faili lifungwe kwa GPG, ile programu ya kufunga mafaili yasisomeke bila ufunguo wa siri, na ufunguo niwe nao mimi na mwenzangu mmoja, ila mwenzangu ashaacha kazi na wake umeisha muda. Sasa nimebaki mimi. Mafaili yamepita mia tatu.

Laptopu yangu ya zamani kibodi imekufa. Nakaa karibu na bahari, dirisha wazi mwaka mzima, chumvi ishaila ndani, herufi nusu hazishiki. Nikanunua nyengine ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, pale Mwembe Tayari, nzuri mashaallah, na fundi wa dukani akaniwekea mfumo wa Ubuntu kama ya ile ya kwanza. Nikachukua fleshi yangu ambayo ndani mna faili siri.asc lenye ufunguo wangu wa siri, nililitoa Januari kama bakapu, nikaandika amri ya kuuingiza

gpg --import siri.asc

kikaja kile kisanduku cha kuuliza paswedi, nikaandika, ikakataa. Nikarudia pole pole, ikakataa. Mara ya tatu ikaniambia Bad passphrase ikatoka. Nikiandika gpg --list-secret-keys nione funguo zangu haitoi kitu, kimya.

Na paswedi naijua! Ni sentensi ndefu ya Kiswahili niliyoitunga mwenyewe, ina alama ya @ katikati na namba mwisho. Niliibadilisha baada ya Idd lakini hii mpya ndo ninayoikumbuka vizuri. Laptopu ya zamani bado yawaka, nikibonyeza faili kwa mausi lafunguka lenyewe wala haliulizi kitu. Kwa hivo ufunguo ni mzima, si ndio?

Kuna kijana ataka kuinunua ile ya zamani kwa spea, yuaja keshokutwa. Nimpe ama nimwambie angoje?

---

fundi_buxton – Jumatatu, saa tatu na nusu usiku

Waalaykum salaam dadangu. Kwanza kabla sijasema jengine lolote: USIMPE. Usimpe, usiifute, usiipeleke kwa fundi, usibadilishe hata paswedi yake ya kuingilia. Hio laptopu ya zamani saa hii ndio kitu cha pekee duniani kinachofungua hayo mafaili, mpaka uone kwa macho yako faili moja limefunguka kwenye hii mpya. Mwambie huyo kijana aje mwezi ujao, akikataa shauri yake.

Sasa tuje kwa paswedi. Umesema mashine ni ex-UK na paswedi ina @. Nimeshaona hii mara nyingi sana, karibu kila mtu anayenunua hizi laptopu za Uingereza inampata. Kibodi ya Uingereza na ya Marekani zafanana mpaka ufike kwenye alama. Ya Marekani, Shift na 2 inatoa @. Ya Uingereza, Shift na 2 inatoa zile alama mbili za usemi, hizi ", na @ yenyewe imehamia kule karibu na Enter. Vile vile Shift na 3, Marekani ni #, Uingereza ni £. Vidole vyako vimezoea ile ya zamani vinaenda vyenyewe, na kisanduku cha paswedi kinaonyesha vidoti tu kwa hivo huwezi kujua umeandika nini.

Na yaweza kuwa kinyume pia: vibonyezo vimechapwa kwa mtindo wa UK lakini fundi alipoweka Ubuntu akachagua mpangilio wa US, kwa hivo unachokiona kwenye kibonyezo sicho kinachoandikwa.

Jaribu hivi. Fungua pahali popote pa kuandikia maandishi, bonyeza alama tu, @ # " ~ moja moja, utizame kinachotoka. Usiandike paswedi yenyewe pale, andika alama peke yake. Kama hazilingani nenda Settings, Keyboard, ongeza English (US), kisha rudi ujaribu kuimport tena. Na hakikisha Caps Lock haijawashwa, najua wajua, lakini hakikisha.

---

nyali_boy – Jumatatu, saa nne usiku

mbona mwazunguka, we chukua folda ya .gnupg, ile GPG inamoweka funguo zake, yote kwa ile mashine ya zamani ibandike kwa mpya, mimi nilifanya hivo ikafanya kazi bila kuimport wala nini

---

mtaalamu_ke – Jumatatu, saa nne na robo usiku

Sis nitumie hilo faili la siri.asc na hio paswedi unayoikumbuka inbox, niko na mashine ya nguvu nitakujaribia combinations zote usiku huu.

---

mzee_wa_terminali – Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi

Binti, nimeamka kuswali nikaona hii, nimeona nijibu kabla hujaenda kazini.

Huyu anayetaka umtumie faili, usimtumie. Sisemi ni mtu mbaya, simjui. Nasema hivi, ufunguo wa siri pamoja na paswedi yake ukishamkabidhi mtu, basi mia tatu ya maelezo ya watu umemkabidhi yeye. Hakuna namna ya kumnyang'anya tena. Watu wale walikuamini wewe. Na siku hizi tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kwa hivo si suala la kuaminiana peke yake. Hata mimi ukiniletea nitakurudishia.

Nyali_boy hajakosea kabisa, njia yake huwa inafanya kazi, ila kuna mambo hakuyataja. Kuanzia GnuPG (ndio hio hio GPG) 2.1, iliyotoka 2014, funguo za siri hukaa kwenye folda inaitwa private-keys-v1.d ndani ya .gnupg, kila ufunguo faili lake. Ukinakili folda nzima wachukua vyote, sawa, lakini ukipitishia kwenye fleshi ya kawaida ruhusa za mafaili zapotea, na GPG itaanza kulalamika kuwa folda iko wazi kwa kila mtu. Itabidi uifunge iwe yako peke yako:

chmod 700 ~/.gnupg

na mafaili yaliyo ndani uyape 600. Na zile zinazoanza na S. kama S.gpg-agent usizinakili, hizo si mafaili, ni milango ya programu inayofanya kazi wakati huo. Lakini kubwa zaidi, binti: kunakili folda hakutakusaidia kama paswedi yenyewe huijui. Ufunguo utahamia kwenye mashine mpya ukiwa umefungwa vile vile ulivyofungwa kule.

Fuata ya fundi_buxton kwanza kuhusu kibodi. Kisha ukirudi nijibu swali moja: hilo faili la siri.asc ulilitoa Januari, na paswedi umeibadilisha baada ya Idd. Lipi lilitangulia?

---

bint_kibokoni – Jumanne, saa mbili usiku

Shukran sana nyote. Yule wa inbox sijamjibu.

fundi_buxton, wallahi ulisema kweli. Nilibonyeza Shift na 2 ikatoka ". Siku nne naandika kitu chengine kabisa! Nimeongeza English (US), sasa @ inatoka pale pale vidole vilipozoea. Nikarudi kuimport nikijua imekwisha.

Ikakataa tena. Bad passphrase. Nimelia kidogo nisiwadanganye.

Mzee, swali lako: faili nililitoa Januari, paswedi nimebadilisha mwezi wa nne. Faili ndilo lilotangulia. Lakini si ufunguo ni ule ule mmoja? Nilifikiri paswedi nikibadilisha imebadilika kote.

---

mzee_wa_terminali – Jumanne, saa mbili na nusu usiku

Hapo ndipo penye kiini chake, na wengi hapawaelei, kwa hivo vumilia nieleze kidogo.

Paswedi ya GPG haiko kama ya barua pepe. Ya barua pepe iko kwa mwenye mtambo, ukibadilisha leo ya jana imekufa kila mahali. Ya GPG haihifadhiwi popote. Kazi yake ni kuufunga ule ufunguo wa siri uliomo ndani ya faili. Kila nakala ya ufunguo ni sanduku lake na kufuli lake. Ulipobadilisha paswedi mwezi wa nne, ulibadilisha kufuli la sanduku lililo ndani ya laptopu ya zamani. Sanduku lililo kwenye fleshi halikujua kitu, bado lina kufuli la Januari. Ndani ya masanduku yote mawili ufunguo ni ule ule mmoja.

Kwa hivo faili la Januari lataka paswedi ya Januari. Waikumbuka?

Kama huikumbuka usivunjike moyo, kwa sababu huihitaji. Laptopu ya zamani iko hai. Azima kibodi ya USB kwa mtu yeyote, ichomeke kule, utoe faili jipya leo:

gpg --export-secret-keys --armor --output siri-mpya.asc UFUNGUO

Pale penye UFUNGUO weka barua pepe yako uliyoitumia kwenye ufunguo. Itakuuliza paswedi, hio sasa ni ya mwezi wa nne, na faili litakalotoka litakuwa na kufuli hilo hilo.

Ila n'na wasiwasi na kitu kimoja ulichokisema mwanzo, kwamba kule mafaili yanafunguka bila kuulizwa. Kwa kawaida gpg-agent, programu inayoitunzia GPG paswedi, huikumbuka dakika 10 tangu ulipoitumia mara ya mwisho, na hata ukiitumia mfululizo haizidi saa 2. Yako haiulizi kabisa, hata ukizima ukiwasha? Basi siku fulani kile kisanduku kilikuja na pahali pa kutia tiki kwamba paswedi ihifadhiwe, ukatia. Maana yake tangu mwezi wa nne inayokumbuka paswedi ni kompyuta, hujaiandika kwa mkono wako hata mara moja.

---

bint_kibokoni – Jumanne, saa mbili na dakika hamsini usiku

Mzee ndio, nilitia tiki. Nakumbuka. Nilikuwa nafungua mafaili arubaini kwa siku nikachoka kuandika.

Kibodi nitaazima kwa jirani kesho, ana saiba hapa chini. Ya Januari siikumbuki kabisa, nilikuwa nayo kwa karatasi nikaichana siku nilipobadilisha.

Na je, ikishindikana hakuna watu wa kuandikia? Hao wenye programu yenyewe?

---

fundi_buxton – Jumanne, saa nne usiku

Hakuna dada. Ndo ilivyokusudiwa tangu Phil Zimmermann alipotoa PGP mwaka 1991, na GnuPG ya Werner Koch ilokuja nyuma yake ni vivyo hivyo. Hakuna ofisi, hakuna kubonyeza "nimesahau". Kama wao wangeweza kukufungulia wewe, wangeweza kumfungulia na yule anayewatisha wale watu wako.

Kuna njia ya mwisho ya kujaribu kubahatisha, programu ya John the Ripper ina kifaa chaitwa gpg2john, wachukua ufunguo wako unaipa maneno unayoyakumbuka ijaribu mchanganyiko. Inafanyika kwenye mashine yako mwenyewe, hakuna haja ya kumpa mtu. Lakini inasaidia pale unapokumbuka karibu yote umesahau herufi moja mbili. GPG kila jaribio huifanya hesabu izunguke mara nyingi sana makusudi, kwa hivo kuanzia sifuri ni kupoteza stima.

Wala usifike huko. Kama ulitia tiki, paswedi iko mle ndani ya laptopu ya zamani na waweza kuisoma. Tafuta programu ya Passwords and Keys, kwa jina jengine Seahorse. Ikiwa haiko iweke. Ifungue, nenda kwenye Login, tizama mistari ilioandikwa GnuPG. Fungua mmoja, pana pahali pa kuonyesha paswedi, bonyeza. Itatokea wazi kwa maandishi, kwa hivo fanya ukiwa peke yako na mlango umefungwa.

Ndio maana nilikwambia usibadilishe paswedi ya kuingilia kwenye mashine ile. Hilo sanduku la Login hufunguliwa na paswedi ile ile unayoingilia asubuhi.

---

bint_kibokoni – Jumatano, saa tano usiku

IMEFUNGUKA. Alhamdulillahi. Wacha niwahadithie kwa mpango kwa sababu najua kuna mtu atapita hapa siku moja na shida kama yangu.

Jirani kanipa kibodi ya USB, nikaichomeka kwa laptopu ya zamani. Nikaandika ile amri ya mzee. Kisanduku kikaja, nikaandika paswedi yangu, hii ninayoijua, na hapa hakuna mambo ya UK wala nini. Ikakataa! Kwenye mashine yake yenyewe! Mikono ikaanza kutetemeka. Mama akaniuliza kuna msiba gani.

Nikafunga mlango nikafungua hio Passwords and Keys. Mistari ya GnuPG ilikuwa miwili, nikafungua wa kwanza nikaonyesha. Ilikuwa sentensi yangu ile ile neno kwa neno, @ iko pale pale, isipokuwa namba za mwisho nilikuwa naandika mbili kumbe ni tatu. Nilipoitunga hii mpya baada ya Idd nilitia namba ya tatu mwisho na akili yangu haikuiweka. Kama ile laptopu ningeiuza kwa spea leo mchana, hio namba moja ingekwenda nayo.

Nikatoa faili jipya. Likaniuliza paswedi mara mbili, sijui kwa nini, nikaandika zote mbili ikakubali. Nikalihamisha kwa fleshi, nikaimport kwa mpya, ikauliza, ikakubali. gpg --list-secret-keys ikaonyesha ufunguo wangu na jina langu. Nikanakili faili moja, la mzee mmoja wa huko Kwale, la kwanza kabisa nililoandika. Likafunguka. Nimelisoma lote.

Kilichobaki: pembeni ya jina langu imeandikwa [unknown], zamani ilikuwa [ultimate]. Na je faili la Januari kwenye fleshi nilifute tu?

---

mzee_wa_terminali – Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Mwenyezi Mungu ashukuriwe. Umenifurahisha asubuhi hii.

Kuulizwa mara mbili ni kawaida: ufunguo wako ni wawili ndani ya mmoja, mkubwa wa kutia saini na mdogo wa kufungulia mafaili, na kila mmoja amefungwa peke yake. Ndo maana kule uliona mistari miwili pia.

Hilo la [unknown] si ubovu. Ufunguo umehama lakini kumbukumbu ya nani unamuamini haihami na faili, iko pahali pengine. Kwa kuwa ni ufunguo wako mwenyewe andika gpg --edit-key na barua pepe yako, kisha trust, chagua 5, kisha quit. Ukiwa na funguo za watu wengi ulizozipa imani, kule kwa zamani waandika

gpg --export-ownertrust > imani.txt

na huku gpg --import-ownertrust imani.txt, zote zinakuja kwa mara moja.

Sasa faili la Januari. Kumbuka habari ya masanduku. Lile faili lina ufunguo wako ule ule, hai, na kufuli la zamani ambalo uliliandika kwenye karatasi ukaichana. Mtu akiokota fleshi na akiijua paswedi ya Januari, anafungua mafaili yote hata uliyoyafunga jana. Kubadilisha paswedi hakukulizima. Na fleshi ukifuta faili huwa halijaondoka kweli, hata ukiandika juu yake fleshi yenyewe huandika pahali pengine. Mimi kwa kitu kama hiki ningeivunja fleshi ile. Bei yake ni ndogo. Nunua mpya, weka faili la leo, na usiitumie kupeleka nyimbo wala picha kwa watu.

Na tafadhali, kabla hujalala leo, kwenye mashine mpya andika

gpgconf --kill gpg-agent

kisha ufungue faili moja uandike paswedi kwa mkono. Ukipata pahali pa tiki ya kuhifadhi, usiitie. Angalau wiki moja iandike mwenyewe kila siku mpaka vidole viijue na hio namba ya tatu.

---

fundi_buxton – Alhamisi, saa tatu asubuhi

Naongeza mawili. Ndani ya .gnupg ya zamani kuna folda openpgp-revocs.d, humo mna cheti cha kuubatilisha ufunguo, GPG hukitengeneza yenyewe siku unapoumba ufunguo. Hakiji na export, kwa hivo kichukue kwa mkono. Kichape kwa printa uweke nyumbani pamoja na hati zako. Siku laptopu ikiibwa au paswedi ikipotea kabisa, hicho hakihitaji paswedi, wakitumia kuwajulisha watu kwamba ufunguo huu umekufa. Ndani yake kuna alama ya nukta mbili, hii :, imewekwa makusudi kabla ya vile vistari vitano vya mwanzo ili mtu asikitumie kwa bahati mbaya, siku ya haja ndo unaitoa. Na kwa sababu hakihitaji paswedi, usikiache ovyo, mtu akikipata aweza kukuulia ufunguo.

La pili, yule kijana wa spea mpe laptopu, lakini diski itoe. Skrubu chache tu, ukishindwa njoo nayo nikutolee mbele yako bure. Diski baki nayo.

---

likoni_kivukoni – Alhamisi, saa nane mchana

Samahani kuingilia, mimi yangu yafanana lakini natumia Windows. Nilifuata hizi hizi amri kwa PowerShell, pale pa kuandikia amri kwa Windows, nikaandika gpg --export-secret-keys --armor UFUNGUO > siri.asc, faili likatoka, paswedi ilikubali. Nikipeleka kwa kompyuta nyengine yasema no valid OpenPGP data found. Nikilifungua kwa Notepad maandishi nayaona sawa kabisa. Yaani hata haifiki kuniuliza paswedi.

---

fundi_buxton – Alhamisi, saa nane na nusu mchana

Karibu. Shida yako ni ile alama ya >. PowerShell inayokuja na Windows, ukitumia > huandika faili kwa UTF-16, kila herufi inachukua nafasi mbili. Notepad yaelewa, kwa hivo wewe waona sawa, lakini GPG yasoma inakuta vitu vya ajabu katikati ya kila herufi. Toa upya, badala ya > tumia --output siri.asc kama alivyoandika mzee huko juu. GPG yenyewe ndo iandike faili, si PowerShell. Ama tumia programu ya Kleopatra inayokuja na Gpg4win, yaani GPG ya Windows, bonyeza ufunguo wako kwa kulia, chagua Backup Secret Keys.

Na kama barua pepe wasomea kwa Thunderbird, jua kuwa tangu toleo la 78 la mwaka 2020 ina hifadhi yake ya funguo, haitizami za GPG. Utaimport GPG vizuri na Thunderbird bado iseme haina ufunguo. Ndani yake pia uimport lile faili, kwenye OpenPGP Key Manager.

---

likoni_kivukoni – Alhamisi, saa kumi na moja jioni

Imekubali kaka! Na hio ya Thunderbird ndo ilikuwa inifuate, asante mno.

---

bint_kibokoni – Ijumaa, saa nne asubuhi

Nimefanya yote. Trust nimeweka 5, sasa yasema [ultimate]. Cheti nimechapa kwa saiba ya jirani, nikasimama hapo hapo kwa printa mpaka karatasi ikatoka, na faili nikalifuta kwa kompyuta yake mbele yake. Fleshi ya zamani nimeivunja kwa nyundo. Paswedi nimeiandika kwa mkono jana mara sita na leo mara mbili, imekubali zote.

fundi_buxton, laptopu nitakuletea uitoe diski Jumamosi baada ya adhuhuri nikija upande wa Buxton, kama duka litakuwa wazi. Mzee, Mungu akupe afya.

---

fundi_buxton – Ijumaa, saa tano asubuhi

Litakuwa wazi, niko mpaka magharibi. Njoo na chaja yake pia dada, niitizame kama bado yafaa kwa hio mpya.